Mtoto wa Mbwa Akiumia: Anayelia Ana Pumzi

SEHEMU YA PILI

Wiki iliyopita tulizungumzia chanjo na dawa za minyoo, mambo ambayo mfugaji huyapangia siku. Leo tunaingia kwenye jambo lisilopangiwa siku. Mtoto wa mbwa amegongwa na bodaboda mlangoni, au amedondoka kutoka mikononi mwa mtoto aliyembeba, au amekanyagwa na ng'ombe, au mbwa mkubwa wa jirani amemnyakua shingoni. Daktari wa mifugo yuko mbali, pengine ni usiku, na aliye karibu hana kipimo wala dawa. Afanye nini?

Jibu langu ni hili: afuate mambo kwa mpangilio wa kinachoua upesi, asifuate kinachovuta macho. Wengi wetu huvutwa na mguu. Mguu unaning'inia, mbwa analia, na watu wameshaanza kutafuta vijiti vya kuufunga. Ila mguu uliovunjika, ikiwa haumwagi damu, unaweza kusubiri mpaka kesho na bado ukaunga; mifupa ya mbwa mchanga huunga haraka kuliko ya mbwa mzima. Anayelia ana pumzi. Wa kuogopwa ni yule aliyenyamaza, amelala ubavu, fizi zimekuwa nyeupe, na kila mtu anasema afadhali ametulia.

Kwa nini mtoto wa mbwa hudhoofika upesi hivyo? Kwa sababu akiba zake tatu ni ndogo mno. Ya kwanza ni damu. Mbwa ana mililita 80 hadi 90 za damu kwa kila kilo ya uzito wake. Mtoto wa kilo mbili basi ana kama mililita 170 tu, kiasi kisichojaza kikombe cha chai. Vijiko vitatu vya mezani vikimwagika sakafuni, robo ya damu yake imekwenda, wakati mwenye nyumba anaona ni doa dogo. Ya pili ni joto. Mwili mdogo hupoteza joto haraka, na mwili uliopoa huifanya damu igande kwa shida. Ya tatu ni sukari. Ini la mtoto wa mbwa halina hazina kubwa ya sukari, hivyo aliyeumia na kukaa saa kadhaa bila kula anaweza kulegea, kutetemeka, hata kupata degedege, bila jeraha lake kuongezeka.

Lakini kabla ya kumgusa, jiangalie wewe. Mbwa mwenye maumivu humng'ata hata anayempenda, na mbwa mchanga naye anaweza kubeba kichaa cha mbwa. Ugonjwa huu unakadiriwa kuua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia, na karibu wote waliupata kwa kung'atwa na mbwa. Dalili zikishaanza hakuna dawa. Kinga baada ya kung'atwa ipo na inafanya kazi ikiwahiwa. Ukikwaruzwa au kung'atwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo, hata kama jeraha ni dogo kama tundu la sindano. Chanjo ya kichaa kwa kawaida huanza mbwa akifikisha miezi mitatu, kwa hiyo watoto wengi wa mbwa hawana kinga yoyote. Ikiwa aliyemng'ata wako ni mbwa asiyejulikana, mweleze afisa mifugo wa kata hata kama jeraha limepona.

Kwa wasomaji wetu wa pwani na visiwani lipo suala la najisi ya mbwa kwa Waislamu, na ni suala la heshima. Najisi ina namna yake ya kutoharishwa, na fikihi imeieleza kwa kirefu. Hukumu hiyo haikuwekwa ili kiumbe aachwe afe barabarani. Wengi wetu tumesikia msikitini habari ya mtu aliyeshuka kisimani kumtekea maji mbwa mwenye kiu, akasamehewa. Kwa upande wa utendaji, glavu au mifuko miwili ya nailoni mikononi, pamoja na kitambaa kikavu, vinakinga dhidi ya najisi na pia dhidi ya mate yenye maradhi. Kila mfugaji na avitumie.

Sasa pumzi. Mlaze mbwa kwa ubavu, shingo iwe imenyooka, fungua kinywa na utoe matapishi, damu au udongo kwa kitambaa. Tazama kifua kikipanda na kushuka. Mbwa aliyetulia huvuta pumzi kati ya mara 15 na 30 kwa dakika. Aliyeumia atazidi hapo, ila anayetanua kinywa, kunyoosha shingo na kuvuta kwa tumbo ana hatari kifuani. Huyo usimlaze kwa nguvu, mwache akae anavyoona nafuu. Kisha tazama fizi. Zikiwa za waridi, vyema. Zikiwa nyeupe, damu imepungua, nje au ndani. Zikiwa za bluu, hewa haifiki. Bonyeza ufizi kwa kidole na uachie: rangi irudi ndani ya sekunde mbili. Ikichelewa, usipoteze muda kufunga chochote isipokuwa palipo na damu, anza safari.

Ikiwa hapumui na hashtuki hata ukimfinya, zungushia kifua kiganja kimoja nyuma ya miguu ya mbele na ukibane kwa kasi ya mara 100 hadi 120 kwa dakika, kibonyee kama theluthi ya upana wake. Kila mara 30, funga mdomo wake kwa mkono na umpulizie puani pumzi mbili ndogo, za kutosha kifua kuinuka tu. Waliofufuka kwa njia hii baada ya ajali ni wachache, lakini wapo.

Baada ya pumzi, damu. Bandika kitambaa safi au shashi juu ya jeraha na ukandamize kwa kiganja dakika tano bila kufunua. Kufunua ili uone kama imekata ndiko kunakoing'oa damu iliyoanza kuganda. Kitambaa kikilowa, ongeza kingine juu yake. Usifunge kamba ya kukaza mguuni. Mguu usiopata damu huoza. Ikiwa kitu kimechoma na kubaki ndani, kiache, kizungushie vitambaa kisicheze.

Hapa niseme waziwazi kuhusu dawa za mtaani. Mafuta ya taa, oili chafu ya gari, majivu, petroli na spiriti havitibu jeraha. Vinaunguza nyama iliyo hai, na mbwa akilamba vinaingia tumboni na mapafuni. Jeraha lililochafuka lisilovuja damu nyingi lisafishwe kwa maji yaliyochemshwa na kupozwa, nusu lita kwa kijiko kimoja cha chai cha chumvi, yakimiminwa polepole bila kusugua.

Na vidonge vya kabatini viendelee kukaa kabatini. Diklofenaki na ibuprofeni, ambazo kwetu hununuliwa dukani kwa urahisi, humtoboa mbwa tumbo na kuziumiza figo zake, hasa aliyepoteza damu. Parasetamoli kwa kipimo cha kubahatisha huharibu ini na kuizuia damu isibebe hewa. Mtoto wa kilo mbili akipewa kidonge cha mtu wa kilo sabini, huo si msaada tena. Dawa ya maumivu ipo, ila aitoe anayejua uzito na hali ya figo zake.

Joto lake la kawaida ni nyuzi 38 hadi 39, juu kuliko letu, kwa hiyo akionekana kwako ana joto la kawaida la binadamu, tayari amepoa. Mfunike kwa khanga au taulo kavu, na umwekee pembeni chupa ya maji ya uvuguvugu iliyozungushiwa kitambaa. Chupa isigusane na ngozi moja kwa moja, kwani aliyezimia hawezi kujisogeza. Aliyeungua ni tofauti kidogo: mahali palipoungua pamwagiwe maji ya bomba kwa dakika kumi au zaidi, huku mwili uliobaki ukifunikwa. Ikiwa yuko macho na anaweza kumeza, mpake asali au maji ya sukari kidogo kwenye fizi. Maziwa hapana, uji hapana, maji ya kumiminiwa kinywani hapana. Huenda akahitaji upasuaji, na aliyelegea hupaliwa.

Ndipo safari. Mtelezeshe juu ya ubao au ndani ya beseni lenye nguo, mgongo ukiwa umenyooka, badala ya kumbeba kwa makwapa. Kama anajaribu kung'ata, mzungushie taulo. Kitambaa cha kufunga mdomo kitumike kwa anayepumua vizuri na asiyetapika, basi. Kwenye bodaboda awepo mtu wa pili wa kushika beseni.

Kumpeleka wapi? Anza kwa simu. Afisa mifugo wa kata anajua nani yuko zamu na nani ana vifaa. Walio karibu na Morogoro wana hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine. Nairobi wana Kabete, na Kampala wana Makerere, ambako madaktari wa mifugo hufundishwa. Eleza kwa ufupi: umri, uzito wa kukadiria, ameumia vipi na saa ngapi, anapumuaje, fizi zina rangi gani, amechanjwa nini. Taja pia uwezo wako wa fedha mapema, bila aibu. Daktari anayejua mfuko wako anaweza kupanga kipi kifanywe kwanza, na maumivu hutulizwa kabla ya picha ya mfupa. Kama hajamaliza chanjo, usimweke sakafuni kliniki. Kirusi cha parvo, kilichoenea duniani kuanzia mwaka 1978, hudumu miezi mingi kwenye sakafu na udongo, na aliyeokolewa na ajali anaweza kufa kwa kuhara damu wiki moja baadaye.

Mwisho, tusidanganywe na mkia unaotikiswa. Aliyegongwa akainuka na kutembea anaweza kuwa na hewa iliyovuja kifuani, kiwambo kilichochanika, au kibofu kilichopasuka, na dalili zikajitokeza baada ya saa nyingi. Apimwe siku hiyo hiyo. Kwa saa 24 zinazofuata angalia kama anakojoa, kama tumbo linajaa, kama pumzi zinaongezeka akiwa amelala. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu mwaka 2008, inayomtaka mwenye mnyama asimwache kwenye mateso. Hata hivyo sheria haitapiga simu kwa niaba yako saa nne usiku. Namba ya afisa mifugo wa kata yako iandikwe leo, nyuma ya mlango wa jikoni, watoto na msaidizi wa nyumbani waione.

Wiki ijayo: kumuuguza nyumbani. Bendeji ibadilishwe lini, alishwe nini baada ya upasuaji, na azuiwe vipi asilambe mshono.