Lile tao la Brussels, hela zilitoka wapi?

Wadau, kama una ndugu au rafiki aliyepita Ubelgiji, huenda umeshatumiwa ile picha: jamaa kasimama bustanini na koti zito, nyuma yake tao kubwa la mawe lenye milango mitatu, na juu kabisa gari la farasi wanne wa shaba. Picha inapendeza kweli. Sasa hebu tuongelee hilo tao, maana habari yake haionekani kwenye picha na inatuhusu sana sisi wa huku.

Mambo yenyewe ni hivi. Bustani inaitwa Parc du Cinquantenaire, yaani Bustani ya Miaka Hamsini. Ubelgiji ilijitenga na Uholanzi mwaka 1830, kwa hiyo 1880 wakaandaa maonyesho makubwa ya kusherehekea. Msanifu majengo Gédéon Bordiau akapewa kazi ya kujenga tao. Siku ya sherehe ikafika tao halijaisha, ikabidi sehemu iliyobaki wazibe kwa mbao na plasta ili mambo yaende! Baada ya hapo serikali ikawa nzito kutoa hela na ujenzi ukadoda miaka nenda rudi. Bordiau akafariki mwaka 1904, tao bado.

Halafu ghafla, mwaka 1905, nchi ikitimiza miaka 75, tao likasimama. Mfalme Leopold wa Pili alimleta Mfaransa Charles Girault, yule aliyesanifu Petit Palais kule Paris. Kazi iliyokwama miaka 25 ikaisha fasta. Kisa? Hela zilipatikana.

Zilitoka wapi? Rasmi ilisemwa kwamba matajiri fulani wazalendo wamechanga. Kumbe hao walikuwa kivuli tu. Mlipaji alikuwa Leopold, na mfuko wake ulikuwa umejazwa na Kongo.

Hapa msomaji twende taratibu. Kuanzia 1885 hadi 1908 Kongo haikuwa koloni la Ubelgiji, ilikuwa mali ya mtu mmoja. Nchi kubwa kuliko Ubelgiji zaidi ya mara 70, na mwenye mali hakukanyaga huko hata siku moja. Matairi ya baiskeli na magari yalipoanza kutakiwa duniani, bei ya mpira ikapanda. Wanakijiji wakalazimishwa kuingia msituni kugema utomvu. Asiyefikisha kiasi, mkewe anashikwa mateka, au kijiji kinachomwa. Askari nao walitakiwa kuthibitisha kwamba risasi haikupotea bure, na ushahidi ulikuwa mkono wa kulia wa aliyeuawa. Aliyekosa maiti aliweza kukata mkono wa mtu aliye hai. Picha ya mwaka 1904 aliyopiga mmisionari Alice Seeley Harris inamwonyesha baba aitwaye Nsala akitazama mkono na mguu wa binti yake mdogo. Itafute, lakini jiandae.

Ndiyo maana Emile Vandervelde, kiongozi wa wasoshalisti katika bunge la Ubelgiji, alisema ipo siku watu watayaita matao ya Leopold matao ya mikono iliyokatwa. Huyo ni Mbelgiji, na alisema enzi hizo hizo. Kwa hiyo anayekwambia kwamba "zamani hawakujua" anakudanganya.

Sasa tembea kidogo ndani ya bustani hiyo hiyo. Kuna mnara mwingine, wa mwaka 1921, wa kuwasifu Wabelgiji waliokwenda Kongo. Unasema mashujaa wao walimwangamiza "Mwarabu" mfanyabiashara wa watumwa. Hilo neno limewahi kufutwa, likarudishwa, likafutwa tena. Na huyo "Mwarabu" ni nani? Ni watu wa pwani yetu! Ni akina Tippu Tip wa Zanzibar, ambaye Leopold mwenyewe alimpa ugavana wa Stanley Falls, Kisangani ya leo, mwaka 1887. Vita ya 1892 hadi 1894 ilipowaondoa hao, Sefu mwana wa Tippu Tip akafia humo. Tippu Tip alifariki Unguja mwaka 1905, mwaka ule ule wa tao.

Tusijisafishe pia. Misafara ya pwani iliuza watu, hilo halina ubishi. Lakini aliyejiita mkombozi alimtoa mtu kwenye mnyororo akamtia kwenye mpira, kisha jiwe likaandika nusu moja tu ya habari.

Mwaka 2020 Mfalme Philippe aliiandikia Kongo barua ya masikitiko, na sanamu kadhaa za Leopold zikang'olewa au kupakwa rangi nyekundu. Tao bado lipo, lina makumbusho pembeni yake, na watalii wanapiga picha kila siku. Wapo wanaotaka alama za namna hii ziondolewe. Mimi nasema liachwe, ila liandikwe kwa herufi kubwa, kwa Kifaransa, Kiholanzi, Lingala na Kiswahili, nani alilipa na alilipa kwa nini. Ukibomoa, mjukuu wa Leopold na mjukuu wa Nsala wote watakosa pa kuonyesha kidole.

Wewe je, libomolewe au liandikwe? Na walio Brussels watuambie: mkipita pale mnaonaje? Uwanja ni wenu hapo chini.