Rangi ya Jino Haitibiwi kwa Skrubu

Kuanzia Shinyanga hadi Geita, hasa duara la dhahabu likishatema na pesa ikiwa mfukoni, madaktari wa meno huulizwa swali lilelile: "Daktari, si ung'oe haya ya kahawia, unipandikizie mapya?" Jibu ni hapana, wala si suala la bei. Kipandikizi ni skrubu ya titani inayokazwa kwenye mfupa wa taya pale ambapo jino halipo. Kung'oa jino zima ili kutengeneza pengo la kutibu ni kubomoa nyumba kwa sababu ya rangi ya ukuta.

Chanzo cha swali hilo ni imani kwamba rangi hiyo ni uchafu au uozo. Wenye pesa hutaka kung'oa, wasio nazo husugua kwa mkaa, majivu, hata mchanga, na wajasiri humalizia kwa ndimu. Hakuna cha kusugua hapo. Mtoto anayekunywa maji ya kisima yenye floraidi nyingi wakati meno yake ya ukubwani yangali yanaundwa ndani ya taya hujengewa enameli yenye vinyweleo. Jino huota na mabaka meupe, kisha vinyweleo hufyonza rangi. Mtu aliyehamia Shinyanga akiwa na miaka 20 anaweza kunywa maji ya kisima hichohicho hadi uzeeni na meno yake yasibadilike, ilhali ya mtoto wa jirani yaliharibika kabla hayajaota. Uchafu gani huo unaochagua umri? Mkaa hukwangua, ndimu huyeyusha, na enameli iliyoondoka hairudi. Kinachobaki ni jino la kahawia lenye ganzi.

Wengine hubisha kwamba titani haiozi. Kweli, haiozi, lakini ufizi na mfupa unaoishika huugua, hasa kwa mvutaji sigara, mwenye kisukari kisichodhibitiwa na asiyepiga mswaki. Hutajwa pia mgonjwa wa kwanza wa Brånemark, Msweden aliyeanzisha vipandikizi hivi; mgonjwa huyo aliwekewa vipandikizi Göteborg mwaka 1965 akadumu navyo hadi kifo chake mwaka 2006. Mtu huyo hakung'olewa meno mazima, alikuwa hana. Isitoshe, shahada ya kwanza ya udaktari wa meno haitoshi kumfanya mtu awe mpandikizaji. Anayekubali kukung'oa kwa sababu ya rangi, muulize alijifunzia wapi, ameshapandikiza wangapi, na nani atakikagua kipandikizi mwaka wa tano.

Mabaka mepesi husuguliwa kitaalamu au kung'arishwa kliniki. Mazito hufunikwa kwa kompoziti au vigae vya kauri. Pengo halisi lina meno bandia ya kuvaa, daraja, au kipandikizi baada ya eksirei. Kwa mtoto aliye chini ya miaka 8, tafuta maji yasiyozidi miligramu 1.5 za floraidi kwa lita. Kwa upande wa floraidi, ya Ziwa Victoria yanafaa. Kuchemsha ya kisima hakusaidii: maji hupungua, floraidi hubaki.