Transista Ilivyoipita Vali

Redio za kale zilitumia vali, yaani vichupa vya kioo ambavyo ndani yake uzi wa metali hupashwa moto ili utoe elektroni. Vali zilitumia umeme mwingi na ziliungua upesi. Mnamo Desemba 1947, katika maabara ya Bell nchini Marekani, John Bardeen na Walter Brattain walionyesha transista: kipande kidogo cha jemaniamu kiwezacho kukuza mkondo wa umeme bila kupashwa moto.

Makampuni makubwa ya vali, kama RCA, hayakukosa ujuzi. Nayo yalitengeneza transista. Lakini transista za awali hazikumudu nguvu iliyohitajiwa na redio kubwa na televisheni, bidhaa ambazo wateja wao walizitaka.

Sony, kampuni ya Japani iliyoanzishwa mwaka 1946, ilitafuta wateja wengine. Mwaka 1955 ilitoa redio ndogo ya betri. Sauti ilikuwa hafifu, lakini redio ilibebeka. Transista zikaendelea kuboreshwa, na mwaka 1960 Sony ikauza televisheni isiyotumia vali za kukuza mkondo.

Mdharau mwiba, mguu huota tende. Uvumbuzi mpya haupimwi kwa udhaifu wake wa leo tu, bali pia kwa kasi ya kukua kwake.