Usichonge Kilima: Nyumba ya Mapumziko Shambani

Siku hizi watu wengi wenye asili ya Lushoto, Marangu au Karatu wanarudi kwenye mashamba ya wazazi wao wakitaka kujenga nyumba ya kupumzikia, pengine na ya kupokea wageni wa kulipia. Ni nia njema. Kinachonisikitisha kama msanifu majengo ni kwamba mara nyingi kazi huanza kwa kuita greda. Kilima kinachongwa, migrevilea aliyopanda babu inang'olewa, kisha juu ya uwanja uliosawazishwa inasimamishwa nyumba iliyochorewa kiwanja cha Dar es Salaam.

Tuanze na hesabu, maana ndiyo inayomaliza ubishi. Chukua mteremko ambao ardhi inashuka mita 1 kwa kila mita 5. Nyumba ya mita 8 kwa 10, urefu wake ukielekea bondeni, itakuta tofauti ya mita 2 kati ya ukuta wa juu na wa chini. Fundi atakata mita 1 upande wa juu na kujaza mita 1 upande wa chini. Udongo wa kujaza, hata ukishindiliwa, ni vigumu kulingana na ule ambao haujaguswa. Ukishindiliwa ovyo ndiyo kabisa: unatitia mvua hadi mvua, na nyufa zinatokea palepale sehemu iliyokatwa inapokutana na iliyojazwa. Sasa eneo lilelile la mita za mraba 80 ligeuze liwe mita 5 kwa 16, ulilaze kukingama mteremko. Ardhi chini ya nyumba inashuka mita 1 tu. Udongo wa kuhamisha unapungua kwa nusu, kimo cha ukuta wa kuuzuia nacho kinapungua kwa nusu, na kila chumba kinapata dirisha linalotazama bonde. Nyumba nyembamba na ndefu ndiyo nyumba ya mlimani. Ukihitaji nafasi zaidi, jenga nyumba ndogo ya pili hatua chache chini ya ile ya kwanza.

Wakulima wa Usambara wanaujua mstari huo wa kukingama mteremko siku nyingi. Makinga maji yao, yenye majani ya guatemala au majani tembo kingoni, yanafuata usawa wa kilima. Shamba likiwa nayo, mchoro wa nyumba yako umeshaanza, msingi uyafuate.

Kisha mahali penyewe. Wengi wanakimbilia kileleni kwa sababu ya mandhari, lakini huko upepo unapiga pande zote, maji lazima yapandishwe kwa pampu, na kilima kinapoteza umbo lake machoni pa kijiji kizima. Msanifu majengo Frank Lloyd Wright, alipojenga makazi yake ya Taliesin kule Wisconsin, Marekani, mwaka 1911, aliyaweka ubavuni mwa kilima, chini kidogo ya kilele, akakiacha kilele wazi. Chini kabisa bondeni nako hakufai. Hewa ya baridi hushuka usiku ikatuama huko, na mkondo uliokauka Januari unaweza kufurika masika. Tope lililoshuka kutoka Mlima Hanang Desemba 2023 liliua watu zaidi ya 80, na tusijenge kana kwamba halikutokea. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 nayo inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Kinachobaki ni katikati ya mteremko.

Vitabu vya ujenzi wa nchi za joto vinashauri kuta ndefu zitazame kaskazini na kusini, ili jua la asubuhi na la jioni lisiunguze vyumba. Ushauri huo ni mzuri kwa Tanga mjini. Lushoto, karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, asubuhi za Julai zina baridi kali, na dirisha la mashariki ni neema. Kwa hiyo mteremko ukielekea mashariki, ufuate bila wasiwasi. Upande wa magharibi weka bafu, stoo na miti. Kwa maoni yangu, mlimani kilima kinatangulia na jua linafuata.

Maji ya paani yanahitaji kupangwa tangu kwenye mchoro. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Paa la mita za mraba 100, mahali penye mvua ya milimita 1,000 kwa mwaka, linapokea lita 100,000. Toa hata moja ya tano kwa upotevu, bado unabaki na lita 80,000. Tangi likae chini ya mchirizi na juu ya bustani, maji yashuke yenyewe. Yanayofurika yaelekezwe kwenye makinga maji. Ukiyaacha yamwagike sehemu moja mteremkoni, yatachimba korongo.

Vifaa havihitaji maneno mengi. Mawe ya shambani yaingie kwenye msingi. Kuta ziwe za tofali za udongo za kufungamana, zinazoshindiliwa kwa mashine bila kuchomwa kwa kuni, na paa litokeze vizuri nje ili mvua isizipige. Paa la nyasi linamvutia mgeni, lakini penye ukungu mwingi linaoza upesi. Bati la kijani kilichofifia, lenye dari ya mbao chini yake kupunguza kelele za mvua, linafaa zaidi.

Na shamba libaki shamba. Gibb's Farm ya Karatu, shamba la kahawa lililoanza 1929 na kupokea wageni tangu 1972, inavutia kwa sababu kahawa bado inachumwa na mboga za mezani zinatoka bustanini. Anayekata migomba na mibuni ili apande nyasi za mapambo anaondoa kitu kilekile ambacho mgeni amekifuata.

Kabla hujalipia mchoro, kaa shambani msimu mmoja wa masika. Tembea mvua inaponyesha, weka vigingi kila maji yanapopita, kisha mwite msanifu aje aione mistari ya vigingi hivyo. Mteremko ukiwa mkali kuliko huu niliouhesabia, au ukiona miti imeinama na ardhi ina nyufa, mwite kwanza mhandisi apime udongo.