Mnasihi Anayekufaa

Anayeumwa jino anajua pa kwenda. Anayekosa usingizi wiki tatu, au ambaye msiba umemkalia kifuani mwaka mzima, njia yake haiko wazi hivyo. Ndugu atamtuma kwa sheikh au mchungaji, jirani atamwambia ajikaze. Na akishaamua kutafuta mtaalamu, anakuta watu wa aina tatu: daktari wa magonjwa ya akili, mwanasaikolojia na mshauri nasaha, ambaye wengine humwita mnasihi.

Wa kwanza amesomea udaktari, naye ndiye anayeandika dawa. Anayesikia sauti ambazo wenzake hawazisikii, au aliyekesha siku kadhaa huku amechangamka kupita kiasi, aanzie kwake, katika hospitali kama Muhimbili ya Dar es Salaam, Mirembe ya Dodoma au Mathari ya Nairobi. Mwanasaikolojia hupima hali ya mtu na kumtibu kwa mazungumzo yenye mpangilio. Mnasihi husaidia zaidi kwenye misiba, ndoa zinazoyumba na habari za ugonjwa mzito. Wapo wanaohitaji wawili kwa pamoja: vidonge kwa mmoja, mazungumzo kwa mwingine.

Kumwuliza mtaalamu kuhusu usajili wake si utovu wa adabu. Kenya ilitunga sheria ya washauri nasaha na wanasaikolojia mwaka 2014, na Tanzania Bara madaktari husajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika.

Lakini cheti peke yake hakimponyi mtu. Mwaka 2018 watafiti walikusanya matokeo ya tafiti 295 na kukuta kwamba maelewano kati ya mtaalamu na mteja wake yanakwenda sambamba na nafuu, bila kujali mbinu inayotumika. Maelewano hayo hayaishii kwenye kupendana. Mwanasaikolojia Edward Bordin aliyagawa mwaka 1979 katika mambo matatu: kuaminiana, kukubaliana lengo, na kukubaliana kazi ya kufanya ili kulifikia.

Mfano bora wa maelewano hayo uko Zimbabwe. Daktari Dixon Chibanda alianza mwaka 2006, mtaani Mbare, Harare, kuwafunza bibi wa mtaa kuketi na wagonjwa kwenye benchi nje ya kliniki, kuwasikiliza na kuwasaidia kutatua tatizo moja baada ya jingine. Utafiti wa watu 573 uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba baada ya miezi sita waliopitia benchi hilo walikuwa na dalili chache kuliko waliopata huduma ya kawaida. Mpango huo umefika hadi Zanzibar. Bibi hao hawana shahada. Wana mafunzo, usimamizi, na lugha ya wagonjwa wao.

Kwa kuwa maelewano yana uzito huo, kikao cha kwanza ni cha pande mbili: mteja naye anapima. Aulize: umewahi kumsaidia mtu mwenye shida kama yangu? Tutafanya nini hasa, na nitajuaje kwamba ninapata nafuu? Ada ni kiasi gani? Siri yangu inaishia wapi? Mtaalamu mkweli atasema kwamba maisha yakiwa hatarini, siri ina mpaka. Lugha na jinsia nazo zina uzito. Mwanamke aliyebakwa akitaka kuzungumza na mwanamke mwenzake, asionekane msumbufu.

Wa kukimbiwa ni yule anayeahidi tiba ya siku moja, anayesimulia habari za wateja wengine, anayekopa fedha au anayeleta mapenzi. Huyo aachwe siku hiyohiyo. Asiye na kosa ila haelewani na mteja, aambiwe wazi. Baada ya vikao vitatu au vinne bila mabadiliko, mteja ana haki ya kuomba apelekwe kwa mwingine, na mtaalamu mzuri hatakasirika.

Uchaguzi huu wote ni wa mwenye nafasi ya kusubiri. Ukiwa unawaza kujiua, au unaye ndugu anayewaza hivyo, nendeni leo hospitali iliyo karibu, na mwenye mawazo hayo asiachwe peke yake.