Makaa yasiyotoa moshi ndiyo ya kuogopwa

Kila baridi ya Julai inapokaza jijini Nairobi, huwa napokea wagonjwa wa aina moja: mama na watoto wake walioamka wote wakiumwa na kichwa, wana kizunguzungu na kichefuchefu. Wengi hudhani ni malaria. Nikiuliza walilalaje, naambiwa jiko la makaa lilikuwa chumbani, "lakini daktari, halikuwa na moshi."

Hapo ndipo penye kosa. Moshi unauona, unakuwasha macho, unaukimbia. Makaa yaliyokolea yakawa mekundu hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu. Hewa hii hushikamana na chembe nyekundu za damu kwa nguvu inayoishinda oksijeni zaidi ya mara 200. Damu huzunguka imebeba sumu, ubongo na moyo vikakosa oksijeni, na aliyelala huzirai bila hata kuamka. Kwa mja mzito, sumu humfikia mtoto aliye tumboni. Jiko lenye udongo ndani, lililoenea kwetu tangu miaka ya 1980, hupunguza gharama ya makaa kweli, lakini sumu hii haliiondoi.

Utaniuliza: nifungue dirisha, nami naishi kando ya barabara ya matatu, au Dandora karibu na jaa la taka? Ni swali la haki. Moshi wa dizeli na wa taka hudhuru mapafu, na mwenye pumu huteseka zaidi. Hata hivyo, chumba kilichofungwa chenye jiko ni hatari ya usiku mmoja. Fungua dirisha lisiloelekea barabarani unapopika. Jiko liwashie nje, na usiku lisiingie chumba cha kulala, hata kama dirisha li wazi kidogo. Ongeza blanketi. Anayetumia stovu ya mafuta taa autazame utambi: ukiwaka manjano na kutoa masizi, usawazishe au uubadilishe.

Ukimkuta mtu amezirai karibu na jiko, fungua milango, mtoe nje upesi, umkimbize hospitali apewe oksijeni. Tafadhali usimnyweshe maziwa, jambo ambalo majirani hulikimbilia. Sumu iko kwenye damu, haiko tumboni, na asiye na fahamu anaweza kupaliwa.