Gari likinuka petroli, uliza kwanza linanuka saa ngapi

Kila tarehe 14 ya mwezi, EPRA ikitangaza bei mpya za mafuta, sisi vijana hulia mitandaoni kama tumefiwa. Lakini wapo kati yetu wanaoendesha gari linalotema petroli barabarani na hawana habari. Hebu piga hesabu. Tone moja kila sekunde ni matone 86,400 kwa siku. Hata ukisema inachukua matone 40 kujaza mililita moja, hizo ni lita mbili na ushee zimeenda bure.

Na pesa ndiyo hasara ndogo. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, kwa hivyo haupandi juu ukapotea. Unashuka, unatambaa chini ya gari, unaingia mtaroni, na unaweza kukutana na moto mbali na pale ulipotokea. Nairobi inalijua hilo kwa uchungu. Tarehe 12 Septemba 2011, petroli iliyovuja kutoka kwenye bomba ilifuata mtaro hadi mtaa wa Sinai, ikashika moto, na zaidi ya watu 100 wakafa.

Sasa, ukimpelekea fundi gari linalonuka, wengi hukimbilia kufungua boneti na kukutajia spea. Swali ambalo lingekuokolea pesa hawakuulizi: linanuka saa ngapi?

Kama linanuka injini ikinguruma tu, tafuta upande wenye presha, yaani kuanzia pampu hadi kwenye injekta. Magari mengi ya petroli husukuma mafuta kwa presha ya takriban baa 3, hivyo ufa mdogo kama unywele unatosha. Kagua mipira, viungo vya chujio na oringi za injekta. Oringi zilizozeeka zina ujanja wake: zinavuja asubuhi injini ikiwa baridi, zikipata joto zinatanuka na kuziba. Ukifika gereji saa tano, fundi anakuambia gari halina shida. Mwachie gari lilale huko, alipige stata asubuhi mwenyewe.

Kama linadondoka usiku kucha likiwa limezimwa, hiyo ni tangi yenyewe au paipu ya chuma iliyoliwa na kutu. Tandika katoni safi chini. Maji ya eisi hayana harufu, petroli huwezi kuikosa. Ila chungulia mapema, kwa sababu hukauka haraka.

Na kama linanuka siku umejaza tangi peke yake, kisha mafuta yakifika nusu harufu inaisha, basi uvujaji uko juu ya tangi. Hapa ndipo watu huliwa pesa. Kuna jirani wangu anayeendesha teksi ya programu, Vitz ya mkopo. Alibadilishiwa oringi za injekta, halafu akauziwa injekta zenyewe, na harufu iko palepale. Kilichomtisha si bili. Ni mtoto wake wa miaka minne, ambaye kila Jumapili wakienda kanisani alishuka kiti cha nyuma akilalamika kichwa kinamuuma. Jumapili ndiyo siku jamaa hujaza tangi.

Katika magari mengi madogo ya Kijapani, pampu ya mafuta iko ndani ya tangi, na kifuniko chake kiko chini ya kiti cha nyuma. Walipoinua kiti, pale juu palikuwa palowa. Kuna fundi aliyewahi kubadilisha pampu, akarudisha sili ileile ya zamani. Sili ya mpira iliyokaa kwenye petroli huvimba, haikai tena vizuri kwenye mfereji wake. Jamaa wa awali akaipaka silikoni ya kawaida, na hiyo petroli huilainisha kama ugali wa juzi uliomwagiwa mchuzi. Dawa ilikuwa sili mpya, basi. Lakini kwa wiki kadhaa yule mtoto alikuwa akivuta mvuke wenye benzini, kemikali inayosababisha saratani.

Kabla ya mtu yeyote kufungua kiungo chochote, presha itolewe. Chomoa fyuzi ya pampu, washa injini iungurume hadi ijizime yenyewe, kisha ondoa waya hasi wa betri. Kazi ifanyike nje penye hewa, injini ikiwa imepoa, na kizimamoto cha poda kiwe karibu. Maji hayazimi petroli, yanaisambaza. Taa iwe ya LED. Balbu ya kioo ikianguka na kupasuka hapo chini ni noma. Nimeona fundi akichungulia tangi sigara ikiwa mdomoni. Ukiona hivyo, chukua ufunguo wako uende. Na kama injini yako hupuliza mafuta moja kwa moja ndani ya silinda, kama Demio za Skyactiv, presha upande wa injekta hupita baa 100. Hapo usijaribu spana yako ya nyumbani.

Ukitumwa Grogan kununua mpira, usikubali ule wa maji hata kama unaingia sawa. Soma ubavuni: wa injekta huandikwa SAE J30R9. Klipu nazo zibadilishwe, maana za zamani hukata mpira mpya.

Sabuni ya mche? Ndiyo, inafanya kazi. Petroli haiyeyushi sabuni, kwa hivyo ukiisugua kwenye ufa mdogo wa tangi inaweza kukufikisha gereji. Haikufikishi Mombasa. Kuhusu kuchomelea tangi, lililotoka kumwagwa mafuta ni hatari kuliko lililojaa, kwa sababu limebaki mvuke na hewa. Anayekuambia amelisuuza kwa maji mara moja na sasa liko salama, mwondolee tangi lako mikononi.

Kazi ikiisha, usilipe kwanza. Rudisha fyuzi na betri, washa swichi mara tatu bila kupiga stata ili pampu ijaze presha, kisha pitisha tishu kavu kwenye kila kiungo kilichoguswa. Ikitoka kavu, washa injini, urudie. Halafu, kama ugonjwa ulikuwa wa juu ya tangi, pitia petroli stesheni ujaze kabisa, na uinue kiti tena kabla hakijafungwa.